Kwa Haikaeli, Juu ya Moyo Unaokwenda Mbio

Haikaeli mwanangu,

Umekwenda Kilema kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia nyama ya njiani. Mimi nimejifungia chumba cha mbele na daftari lako la zamani la jiografia. Nimechana karatasi za katikati, naomba unisamehe kwa hilo kwanza. Makosa mengine yanakuja.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia habari za blanketi, za kutoshuka hovyo kila basi linaposimama, za kutokula cha mtu usiyemjua, na kama namjua vizuri atakuambia tena kesho kabla hujafunga kiatu. Mimi nina jambo moja tu, la Jumamosi ile bandani.

Nilikukuta umeegemea nguzo, majani ya ng'ombe yameanguka miguuni pako, mkono umeubana kifuani. Ukaniambia, "Baba, imerudi." Ukasema moyo unakwenda mbio, vidole vimekufa ganzi, unaona kama unakufa na hujui unakufa kwa nini. Kisha ukasema, "Labda nisiende chuo Songea. Mama usimwambie." Mimi nikaokota yale majani, nikawapa ng'ombe, nikatoka bila kusema neno. Najua ulidhani nimekasirika, maana tangu siku ile hunitazami usoni tukila.

Sikukasirika. Nilinyamaza kwa sababu neno lililonijia mdomoni lilikuwa "basi, usiende." Neno kama hilo nilikwisha kulisema juu yako mara moja, na nilikosea. Safari hii niliuma ulimi, ila sikuwa na jingine la kuweka mahali pake. Imenichukua siku nne kulipata, na limekuwa refu, ndiyo maana naliandika.

Unajua kwamba niliongoza watalii mlimani. Nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka na majirani wakaanza kung'oa mibuni. Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee mmoja wa kijiji cha Mamba, mtu wa maneno machache na matusi mengi. Kitu alichonipigilia kichwani kuliko vyote ni dalili za ugonjwa wa mlima. Kichwa kinauma, pumzi inakatika, mtu anayumba, anaongea ovyo, kifua kinakoroma. Ukiona hivyo, hakuna kubishana wala kungoja kupambazuke. Unamshusha. Dawa nyingine zote zinakuja baada ya kushuka.

Nilishusha watu wengi, mwanangu. Kuna mzee mmoja wa kizungu tulimtoa Kibo kwenye machela ya gurudumu moja, midomo imegeuka rangi kama zambarau iliyoiva, mimi nimeshika mbele na wenzangu wawili nyuma, njia nzima nasali kwa Kichagga ili asinielewe. Tulipofika chini, kambi ya Horombo, alifungua macho akaomba chai. Kuanzia hapo niliamini kushuka kama wengine wanavyoamini sindano.

Halafu siku moja, siku tatu baada ya kurudi kutoka mlimani, ilikuwa zamu yangu kusoma somo kanisani. Ulikuwa umekaa na mama yako, ulikuwa bado mdogo, pengine hukumbuki. Nilifika katikati ya mstari, moyo ukaanza kunipiga hadi nausikia masikioni. Vidole vikafa ganzi. Pumzi haikufika chini. Niliwaona watu wote wananitazama na nikajua, kwa uhakika kabisa, kwamba nakufa palepale mbele ya madhabahu. Nikafunga Biblia nikatoka. Nilishuka kwa mguu mpaka kule mfereji unapokata njia, nikakaa kwenye jiwe, na baada ya muda pumzi ikarudi.

Ukinitazama kwa jicho la mtu wa mlimani, utaona nilivyopotea. Dalili nilizijua: pumzi, ganzi, kizunguzungu. Dawa niliijua: kushuka. Nilishuka, nikapona. Nikasema basi, mlima umebaki mwilini.

Ilipokuja tena, nilishuka tena. Ikinishika kwenye mkutano wa wazazi, nashuka. Ikinishika sokoni Mwika, naacha mkungu wa ndizi nilioununua, nashuka. Kuna nyakati nilitembea kwa mguu mpaka Himo, chini kabisa ya mlima, na pale kwenye joto na vumbi nilijisikia mzima, nikanywa soda, nikapanda gari kurudi nyumbani Marangu. Mpaka siku iliponikuta palepale Himo. Nilisimama barabarani kama mjinga. Ukiwa Himo unashukia wapi tena, mwanangu? Same? Leo naweza kucheka. Siku hiyo nilikaa nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli nikalia, mwanaume mzima mwenye cheti cha kuongoza watu mpaka kileleni.

Baada ya hapo nikaanza kuacha vitu. Nikaacha kusoma somo. Nikaacha harusi, kisha misiba ya mbali. Mwishowe nikaacha mlima wenyewe, wakati makampuni ya utalii yanafunguliwa kila kona na vijana niliowafundisha mimi wanajenga nyumba za matofali. Nikasema ni magoti. Kila mtu aliniamini, maana wenzangu wengi waliacha kwa ajili ya magoti kweli. Magoti yangu, Haikaeli, hayajawahi kuniuma hata siku moja.

Kwenye mahafali yako ya kidato cha nne sikuja. Nilikuambia ng'ombe anazaa. Yule ng'ombe alizaa wiki tatu baadaye, na najua ulihesabu, kwa sababu ulikuwepo nyumbani alipozaa na ulinitazama. Nimekuwa na jicho lile moyoni miaka yote hii.

Sasa nafika pale nilipokukosea wewe.

Ulipokuwa kidato cha sita, mkuu wa shule alituma ujumbe kwamba umeshikwa darasani. Moyo, pumzi, vidole vimejikunja. Alisema umepumzishwa, muuguzi amekuona, na wanafikiri unaweza kufanya mtihani ukikaa karibu na mlango. Mama yako alisema tukuombee na tukuache. Mimi nilivaa koti. Mtu ambaye hakuweza kufika Moshi mjini kwa miaka, siku hiyo nilipanda magari mawili, nikafika shuleni nimelowa jasho, nikawaambia walimu wako maneno haya, unayakumbuka: "Huyu namchukua. Mgonjwa hushushwa." Mkuu wa shule akaniuliza, "Mzee, hata mtihani wa kesho?" Nikamjibu kwamba mtihani haumzidi mtu. Nilijiona baba wa maana sana.

Ulikosa mtihani wote. Ulikaa nyumbani, ukakata majani, ukalisha ng'ombe, ukawa huendi hata dukani bila mdogo wako. Watu walisema mengi. Wengine walisema mashetani, wengine kudekezwa, mchungaji alikuja akaomba nasi na nilimshukuru. Waliponiuliza mimi nilisema presha. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama yako, na nililitafutia ujasiri tangu asubuhi. Nilifurahi ulipokuwa nyumbani. Nilikuona umekaa uani saa za mchana, huna pa kwenda kama mimi, na ndani yangu nikajisikia nimepata mwenzangu. Baba hatakiwi kufurahia kitu kama hicho. Mila yetu inamtaka aliyekosa apeleke jani la sale kwa aliyemkosea, na mwenye kupelekewa hakatai kusamehe. Sijawahi kuona mila ya baba kumpelekea mtoto wake. Kama ingekuwepo, ungelikuta kwenye mto wako.

Ulirudia mtihani mwenyewe, kama mtahiniwa wa kujitegemea, ukisoma chini ya mgomba kwa kitabu cha kuazima. Ukafaulu. Hilo halikutoka kwangu.

Aliyenigutusha mimi alikuwa Elirehema, yule tuliyebeba naye mizigo ujanani. Masika yaliyopita alinikuta njiani nateremka mbio mbio na mvua inanyesha. Akanisimamisha, akanitazama miguu, akasema, "Mbe, ndugu yangu, mtu mwenye magoti mabovu hateremki hivyo. Una nini?" Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa sababu mvua ilikuwa kubwa na hakuna mwingine aliyesikia. Aliniambia mke wake naye alishikwa hivyo baada ya kufiwa na mtoto, na kuna daktari Moshi alimsaidia. Nikamwambia mimi sina wazimu. Akasema, "Nani kasema wazimu? Mke wangu ana wazimu? Wewe kaa na magoti yako." Akaondoka amenuna.

Nilikaa na magoti yangu wiki tano. Kisha nikamwambia mama yako naenda kutafuta dawa ya kupe, nikateremka Moshi.

Nikuambie ukweli wa ile safari, ili yako isikushtue. Nilishuka kwenye gari mara mbili kabla ya kufika. Pale hospitali, mlango niliokuwa nautafuta ulikuwa mwisho wa veranda, baada ya ule wa macho, na mbele yake benchi. Nilipita mbele ya lile benchi mara tatu kama mtu aliyepotea. Nilipokaa, niligeuka nikamwona mama mmoja wa usharika wetu, sitamtaja. Akashtuka, nami nikashtuka.

"Shikamoo," akasema. "Umekuja macho?"

"Marahaba. Macho," nikasema. "Na wewe?"

"Macho."

Tukakaa, wote wawili tunatazama mbele kwa macho yetu mazima kabisa. Walipomwita, alinyanyuka, akanigusa bega, akaingia.

Daktari alikuwa binti, hakukuzidi sana wewe. Nilitaka kurudi nyumbani. Alinipima moyo, akanipima presha, akachukua damu, akanishikashika shingo, akasema kuna magonjwa ya mwili yanayoweza kuleta mambo hayohayo na lazima ayaondoe kwanza. Niliporudi mara ya pili, na majibu yote mazuri, ndipo akaweka kalamu chini akaniuliza, "Mzee, ikikushika unafanya nini?"

"Nashuka."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikamweleza yote, mlima, mfereji, Himo. Hakucheka. Akauliza, "Huko mlimani, kila mwenye pumzi fupi ulimshusha?"

"Hapana. Mwingine amechoka tu, au ameogopa. Huyo namsimamisha, apumue taratibu, tunangoja kidogo, tunaendelea."

"Unawatofautishaje?"

"Namtazama. Namuuliza maswali. Nikiwa na shaka namwita mwenzangu naye amtazame."

"Na yeye mgonjwa, unamwacha ajiamulie mwenyewe?"

Nikamwambia haiwezekani. Kitu cha kwanza tunachofundishwa ni kwamba mgonjwa hajipimi. Anaweza kuwa anakufa akasema mzima, anaweza kuwa mzima akadhani anakufa. Nilipomaliza kusema hivyo, yule binti aliniacha nikae na maneno yangu mwenyewe.

Miaka yote ile nilijitazama peke yangu, nikajiamulia peke yangu, nikajishusha peke yangu. Nisingemruhusu mtalii yeyote afanye hivyo.

Alisema inaelekea ni ugonjwa wa wasiwasi. Nikamwambia mimi si mtu wa wasiwasi, nimelala kwenye barafu. Akasema mtu anaweza kulala kwenye barafu na bado mwili wake ukajifunza kupiga kelele za moto pasipo na moto. Alisema kila nilipokimbia, niliufundisha mwili kwamba kweli kulikuwa na hatari. Ananifundisha kukaa. Kuna vidonge kidogo, kuna kuzungumza, kuna kazi za nyumbani kama za shule: nenda Mwika, simama sokoni, ikija usiondoke, hesabu pumzi, ngoja ipite. Inapita, Haikaeli. Sikujua kwamba inapita yenyewe, kwa sababu sikuwahi kungoja.

Sijapona. Mwezi jana nilifika Kiboriloni nikageuza. Nilimweleza daktari kwa aibu, akaandika kwenye faili, akasema, "Haya, tujaribu tena wiki ijayo." Hakuna aliyenilaumu ila mimi mwenyewe.

Mama yako nilimwambia Jumapili, baada ya yale ya bandani. Aliweka mwiko chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo magoti?"

"Mazima."

"Miaka sita nakusugua dawa magotini. Jioni, mikono yangu inanuka dawa hadi kwenye mtori. Mazima?"

Akacheka hadi akakaa chini, halafu kicheko kikageuka, akalia, na siku mbili hakuniongelesha. Ana haki. Jana alinipa chai na kuniuliza kliniki ni lini. Habari zako sikumwambia, nilishika neno lako. Lakini nakuomba umwambie mwenyewe kabla hujaondoka. Ana kifua kipana kuliko tulivyodhani sisi wawili.

Sasa sikia. Mimi si daktari. Sijui kama ulichonacho ni kama changu. Inawezekana ni moyo, au damu, au kitu kingine nisichokijua, na inawezekana ni hikihiki. Ndiyo maana sikuambii una nini. Nilikwisha kukupima mara moja bila kujua kupima na ulilipa mwaka wako mzima.

Ninachokuomba ni kwamba ukifika, usingoje hadi ikuangushe. Nenda zahanati ya chuo ukiwa na nguvu zako, useme ilivyo. Usiseme presha, usiseme malaria, wala usiseme macho. Sema inaanza lini, inakaa muda gani, unakimbilia wapi. Wakikupa panado na kukufukuza, nenda hospitali ya mkoa uulize wanaoshughulika na mambo haya. Daktari wangu anasema hukosi mtu. Wa kwanza asipokusikia, mtafute wa pili. Mimi kiburi changu kingenirudisha nyumbani kwa wa kwanza, usikirithi. Na kama itafika siku unaona heri usingekuwepo, siku hiyo hakuna cha kujikaza, mwamshe mtu yeyote aliye karibu nawe, hata kama humpendi, umwambie.

Chagua pia mtu mmoja huko, awe mwanafunzi mwenzako au mwalimu, ajue. Mtu wa kukutazama usoni na kukuambia, "Haikaeli, leo hauko sawa," nawe umwamini yeye kuliko unavyojiamini siku hiyo.

Lililobaki ni gumu kwangu kuliko yote niliyoandika. Itatokea, pengine wiki ya kwanza, utatuma ujumbe: Baba, njoo unichukue. Nikiusoma, miguu yangu itataka kuvaa viatu palepale. Nakuambia leo, nikiwa na akili timamu, sitakuja kukuchukua. Nitakuja. Nitapanda basi la Dar, na la Songea kesho yake, na Mungu ajue nitashikwa mara ngapi njiani. Lakini nitakuja kukaa nawe kwenye benchi mpaka wakuite jina lako. Ukiingia nitakungoja nje. Ukitoka nitakusindikiza chuoni kwako, kisha nitarudi Marangu peke yangu. Chumba chako kitakuwepo siku zote, cha likizo.

Nasikia sauti yako getini, unamsalimia jirani. Namalizia.

Kesho tulipanga akusindikize mama yako hadi stendi ya Moshi. Tumebadilisha. Yeye atabaki na ng'ombe, nitakusindikiza mimi. Kuna uwezekano mkubwa nikashikwa, labda Kiboriloni tena, labda palepale stendi kwenye zile kelele za wapiga debe. Utaniona nimekuwa mweupe, jasho linanitoka, nimeshika kifua. Hujawahi kuniona hivyo, nilihakikisha huoni. Kesho tazama. Usiniambie turudi nyumbani, hata nikikuomba. Kaa karibu yangu, unihesabie pumzi. Tutasimama kidogo, halafu wewe utapanda basi lako.

Ni mimi baba yako, niliyekukosea na ninayekupenda.